Kipande cha Ini Kutoka kwa Ndugu: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuuza Shamba

Mazungumzo na wananchi, Mpanda Mjini



Wengi wenu mmezoea kutuona masokoni tukizungumza juu ya mizani iliyochezewa, mbegu zisizoota na bidhaa zilizopitwa na muda. Leo tunazungumza juu ya upandikizaji wa ini, yaani kumkata mtu mzima mwenye afya sehemu ya ini lake na kumpa mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa kazi. Huenda mkajiuliza ofisi inayoshughulikia haki za walaji inatafuta nini katika chumba cha upasuaji. Jibu letu ni kwamba huduma hii hununuliwa. Hununuliwa kwa fedha nyingi, katika nchi ya mbali, na familia iliyoshikwa na hofu. Na mnunuzi mwenye hofu huuliza bei peke yake, akasahau kuuliza anachonunua.

Hapa nchini upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Ini ni kazi nyingine, ngumu zaidi. Watanzania wanaolihitaji wamekuwa wakisafiri, hasa kwenda India, ambako sehemu kubwa ya maini yanayopandikizwa hutolewa na watu walio hai. Ndiyo maana mtu wa Mpanda akiambiwa kuwa mgonjwa wake anahitaji ini, huambiwa papo hapo kwamba atafute na ndugu wa kumkatia. Safari basi si ya mgonjwa mmoja. Ni ya watu wawili watakaolala kwenye vitanda viwili vya upasuaji siku moja, wote wa nyumba moja.

Tuanze na ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na kitu, kwa kawaida kama asilimia mbili ya uzito wa mwili. Lina pande mbili zisizolingana: upande wa kulia huchukua karibu theluthi mbili, na wa kushoto theluthi moja au zaidi kidogo. Sifa yake kubwa ni kwamba likikatwa, sehemu iliyobaki hukua. Upande uliokatwa hauchipui tena kama tawi la mpera. Uliobaki ndio unaotanuka mpaka ukaweza kubeba kazi yote. Kukua huko huanza katika siku za mwanzo, na sehemu kubwa ya ukuaji hukamilika ndani ya miezi michache, kwa mtoaji na kwa mpokeaji vilevile.

Kwa sababu ya sifa hiyo wapo wanaowaambia watu kwamba kutoa ini ni kama kutoa damu, kwamba litarudi lote na mambo yameisha. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyofichwa ndiyo inayoua. Ini hukua, ndiyo, lakini halikui usiku mmoja. Kati ya siku ya kukatwa na siku ya kutosha, watu wote wawili wanaishi kwa kipande. Swali la msingi ni kama kipande hicho kinatosha kumvusha kila mmoja.

Upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu ulifanywa na Dakta Thomas Starzl mjini Denver, Marekani, mwaka 1963, kwa ini la mtu aliyefariki. Mwaka 1989, mjini Brisbane, Australia, Dakta Russell Strong alifanikiwa kumpandikiza mtoto kipande cha ini la mama yake. Kwa mtoto hesabu ilikuwa nyepesi: kipande kidogo cha mtu mzima ni kikubwa kwa mwili wa mtoto. Ugumu ulikuja madaktari walipotaka kumsaidia mtu mzima kwa ini la mtu mzima mwenzake. Dakta Makuuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, waliweza kufanya hivyo mwaka 1993 kwa upande wa kushoto, ulio mdogo. Baadaye hospitali nyingi zilihamia upande wa kulia ili mpokeaji apate ini la kutosha. Lakini kila gramu aliyoongezewa mpokeaji ilitoka kwa mtoaji. Mvutano huo haujaisha hata leo, na ndio uliotuleta mbele yenu.

Hesabu yake si ya madaktari peke yao. Chukueni uzito wa kipande, mgawe kwa uzito wa mgonjwa. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zimetaka kipande kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji. Mgonjwa wa kilo 60, kwa mfano, anahitaji kipande cha gramu 480. Kwa upande wa mtoaji, kanuni inayofuatwa sana ni kwamba abaki na angalau asilimia 30 ya ini lake, na wengine hutaka 35.

Tuseme mke mwenye kilo 50 anataka kumpa mumewe mwenye kilo 80. Ini la mke lina gramu 1,000 hivi. Upande wake wa kushoto ni gramu 350, ambazo kwa mume ni asilimia 0.44 tu, hazitoshi. Upande wa kulia ni gramu 650, ambazo ni asilimia 0.81, zinatosha kwa shida, lakini mke anabakiwa na asilimia 35 ya ini lake. Kama ini hilo lina mafuta, na siku hizi hata watu wembamba huwa nayo, asilimia 35 hiyo haifanyi kazi ya asilimia 35. Sasa tuseme mgonjwa si mume bali dada yake huyo mke, mwenye kilo 55. Zile gramu 350 za kushoto ni asilimia 0.64 kwake. Hapo tumeingia katika eneo la vipande vidogo: mtoaji yuko salama zaidi kwa sababu amebaki na theluthi mbili ya ini lake, na mpokeaji yuko hatarini zaidi.

Hatari hiyo inatokana na nini? Damu yote inayotoka matumboni na kwenye bandama hupitia kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Kwa mgonjwa ambaye ini lake limekuwa gumu kwa makovu, bandama huwa imevimba na damu hiyo ina msukumo mkubwa. Ninyi wakulima wa mpunga wa bonde la Katuma mnajua kinachotokea maji ya mfereji mzima yakifunguliwa kwenye jaruba moja dogo: maji hayatulii, kingo hubomoka na miche hung'oka. Ndivyo kinavyofanywa kipande kidogo cha ini. Kinapokea mafuriko yaliyokusudiwa ini zima, mishipa yake midogo huharibika, na badala ya kukua kinachoka. Mgonjwa hubaki na macho ya manjano siku zinazopita, maji hujaa tumboni na kutoka kwa lita kila siku, damu hushindwa kuganda vizuri, na maambukizo huingia. Haya huonekana katika wiki moja au mbili za mwanzo, wakati ambapo ndugu nyumbani wameshapigiwa simu kwamba upasuaji umekwenda salama.

Hatusemi haya ili kuwatisha mkatae kila kipande kidogo. Kosa hilo nalo lina gharama yake, maana anayesisitiza kipande kikubwa kwa kila mgonjwa anamsukumia mtoaji hatari yote. Madaktari wa Kyoto, Japani, walionyesha kwamba jambo la kutazama ni uzito pamoja na msukumo wa damu. Wakiupima mshipa unaoingia kwenye ini wakati wa upasuaji na kuushusha msukumo chini ya milimita 15 za zebaki, waliweza kutumia vipande vya asilimia 0.6 kwa matokeo mazuri. Namna za kuushusha zipo kadhaa: kufunga mshipa unaolisha bandama, kuondoa bandama yenyewe, au kuchepusha sehemu ya damu ipite pembeni. Mkulima angesema ni kufungua mchepuko kabla jaruba halijabomoka. Huko Seoul, Korea Kusini, mwaka 2000, walifika mbali zaidi: mgonjwa mmoja alipandikizwa vipande viwili vidogo kutoka kwa watoaji wawili, ili pasiwe na mtoaji wa kukatwa kupita kiasi. Twaona ni ustadi mkubwa, ingawa nyumba inayoweza kulaza watu watatu kwa wakati mmoja ni chache.

Kwa hiyo mtu akiletewa habari kwamba kipande kitakuwa kidogo, asikimbie na asikubali haraka. Aulize. Kipande kinakadiriwa kuwa na gramu ngapi, na ni asilimia ngapi ya uzito wa mgonjwa? Mtoaji atabaki na asilimia ngapi? Ini la mtoaji lina mafuta kiasi gani? Je, hospitali hii hupima msukumo wa damu mezani, na ukiwa juu hufanya nini? Imekwisha kufanya wangapi wenye vipande vya chini ya asilimia 0.8, na wangapi walikuwa hai baada ya mwaka? Majibu ya maswali haya yapo kabla ya upasuaji, kwa sababu picha za mashine ya CT huwawezesha wataalamu kukadiria ujazo wa kila upande wa ini. Hospitali yenye uzoefu haikasiriki kuulizwa. Wakala anayesema maswali hayo ni ya wataalamu na ninyi leteni fedha tu, amekwisha kujibu.

Liko swali jingine ambalo watu huona haya kuliuliza: kipande kikishindwa, itakuwaje? Kwa raia wa nchi yenye utaratibu wa maini ya waliofariki, huenda likapatikana la pili. Ninyi mtakuwa wageni, na nchini India raia wake hutangulizwa katika foleni hiyo. Ni vema kulijua hilo mkiwa hapa Mpanda.

Sasa tumwendee mtoaji, kwa sababu katika mikutano ya ukoo yeye husifiwa sana na kuulizwa kidogo. Huyu ni mtu asiye na ugonjwa, anayekubali kukatwa kwa faida ya mwingine. Makadirio yanayotajwa sana ya hatari ya kufa ni kati ya mtoaji mmoja katika 1,000 na mmoja katika 200. Hatari ni ndogo akitoa upande wa kushoto na kubwa akitoa wa kulia. Karibu theluthi moja hupata tatizo la namna fulani, kama vile nyongo kuvuja, kidonda kuambukizwa au henia kwenye mshono. Mengi hupona. Hata hivyo, hatapaswa kubeba gunia wala kushika jembe kwa miezi miwili au mitatu, na kama safari imeangukia Novemba, msimu wa kulima utampita. Ukoo unaochangisha nauli ya mgonjwa uchangishe na chakula cha nyumba ya mtoaji. Mara chache tumesikia hesabu hiyo ikiwekwa.

Mtoaji ana haki ya kukataa, hata siku ya mwisho. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu tunajua namna kikao cha familia kinavyoweza kumgeukia binti asiyeolewa au mdogo wa mwisho, wote wakamtazama bila kusema neno. Hospitali nzuri humpa mtoaji nafasi ya kuzungumza na daktari akiwa peke yake, asiwepo ndugu wala wakala. Akisema hataki, daktari huweza kuiambia familia kwamba vipimo vyake havikufaa, basi, na siri ikabaki hapo. Ulizeni kama nafasi hiyo ipo.

Kuhusu nani anaweza kutoa, lugha yetu inaweza kututega. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, na wala hatumtofautishi na ndugu wa tumbo moja. Sheria ya India ya upandikizaji wa viungo, ya mwaka 1994 na marekebisho yake ya 2011, ina orodha fupi zaidi: mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, na wajukuu. Mtoto wa baba mkubwa hayumo, wala shemeji, wala binamu. Anaweza kuombewa kibali, lakini kamati inayotoa vibali itataka kuridhika kwamba hakuna fedha iliyopita mkono kwa mkono. Kwa wageni, hata ndugu wa karibu ni lazima wapite mbele ya kamati hiyo, na ubalozi hutakiwa kuthibitisha udugu wao. Aliye chini ya miaka 18 asifikiriwe.

Hapa tuwageukie kwa namna ya pekee ndugu zetu wa Katumba na Mishamo. Wengi wenu mlizaliwa katika makazi, wazazi wenu walifika kutoka Burundi mwaka 1972, na vyeti vya kuzaliwa ama havikukatwa au vina majina yanayotofautiana na ya vitambulisho. Cheti chenye jina la baba lililoandikwa kwa herufi tofauti kinaweza kuisimamisha safari nzima, mgonjwa akiwa tayari amelazwa ugenini. Marekebisho ya vyeti hufanywa na RITA, na huchukua muda. Anzeni na makaratasi kabla ya tiketi.

Mtu akiwaambia kwamba atawapatia mtoaji wa kununua, jueni kwamba amewaalika kwenye jinai. Kuuza kiungo ni kosa kwa sheria ya India, na hapa kwetu Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 inataja wazi kuondoa au kuuza viungo vya mtu. Kijana anayeahidiwa kazi ughaibuni na kupimwa kundi la damu kabla ya kuulizwa elimu yake, anapaswa kushtuka.

Juu ya fedha tutasema machache, ingawa ndizo zinazowaleta watu ofisini kwetu. Bei mtakayotajiwa kwa kawaida ni ya kifurushi. Takeni orodha iliyoandikwa ya kilichomo: vipimo vya mtoaji, upasuaji wake na siku zake za kulazwa, idadi ya siku za mgonjwa katika chumba cha mahututi, upasuaji wa pili ukihitajika. Kipande kidogo kikichelewa kufanya kazi, mgonjwa hukaa mahututi kwa siku nyingi kuliko zilizopangwa, na hapo ndipo kifurushi huisha na bili ya kila siku huanza. Makazi ya nje ya hospitali huwa hayamo; mtoaji hukaa kama mwezi, mpokeaji kama miezi mitatu. Wapo mawakala wanaolipwa na hospitali kwa kila mgonjwa wanayempeleka. Mwulizeni wakala wenu anayemlipa ni nani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na ahadi ya kupona kwa asilimia mia ni upotoshaji wa namna hiyo.

Wala msiuze shamba mapema. Watu wengi wanaojitolea hukataliwa na vipimo: kundi la damu halikubaliani, wana homa ya ini wenyewe, ini lina mafuta, au kipande hakitoshi. Kundi la damu na homa ya ini hupimwa hapahapa nchini kwa gharama ndogo. Njia sahihi ni ileile ya rufaa: kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka huko Muhimbili, ambako madaktari bingwa wataweza kusema kama mgonjwa anahitaji ini kweli, na kama bado ana nguvu ya kulipokea. Wapo wanaopona kwa dawa za homa ya ini na kuacha pombe. Na wapo, kwa bahati mbaya, waliochelewa mno, ambao safari itawaongezea mateso na kuwaachia watoto deni.

Kuna wagonjwa ambao kwao siku chache ni kila kitu, nao ni watoto wachanga. Mtoto mwenye umanjano unaozidi siku 14 tangu azaliwe, hasa choo chake kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, huenda mirija yake ya nyongo imeziba. Upasuaji wa kuifungulia nyongo njia hufaa zaidi kabla ya siku 60, na mtoto aliyewahi anaweza kuishi miaka mingi kwa ini lake mwenyewe. Asiambiwe mama kwamba jua la asubuhi litaondoa manjano hayo. Aliyechelewa ndiye anayekuja kuhitaji kipande cha ini la mzazi, na katika hesabu tuliyoieleza yeye ana nafuu: gramu 250 kutoka kwa mama ni asilimia 2.5 kwa mtoto wa kilo 10.

Mwisho kuna dawa za kila siku, maisha yote, za kuuzuia mwili usikishambulie kipande kipya. Inayotumika sana huitwa takrolimusi, na kiwango chake katika damu hupimwa mara kwa mara. Waliopandikizwa figo Muhimbili na Dodoma hutumia dawa za namna hiyohiyo, kwa hiyo si dawa ngeni nchini. Lakini kabla ya kuondoka Mpanda, ijulikane zitanunuliwa wapi, kwa shilingi ngapi kwa mwezi, na nani atalipa baada ya michango kukoma. Kukatisha dawa kwa kukosa nauli ya kuzifuata ni kukitupa kipande ambacho mtu mwingine amekatwa ili kipatikane.

Waliokuja na makaratasi ya hospitali au mikataba ya mawakala, tafadhali msisaini lolote leo. Wenzetu wamekaa meza ya karibu na mlango. Watayasoma pamoja nanyi, familia moja baada ya nyingine, na mtoaji tutaomba kuzungumza naye peke yake.